Je, Sahihi Hii ni Sahihi?

Mzee aliingia na bahasha ya kaki mkononi, akapokea shikamoo yangu, akaketi, kisha akaiweka bahasha mezani bila kuifungua.

"Mwanangu," akasema, "mjukuu wangu anadai hii nimeiandika mwenyewe."

Ndani mlikuwa na ukurasa wa daftari la mistari, umekunjwa mara mbili, rangi yake imeanza kugeuka ya chai. Kwa peni ya buluu liliandikwa jina la mzee, na chini yake: Muhammad Ali, 1980.

Bei hakuitaja kabisa. Alitaka nimwambie kama neno lake, ambalo amekuwa akilirudia kwa zaidi ya miaka 40, bado linasimama. Mimi hununua na kuuza karatasi za kale: barua, tiketi, picha, programu za michezo. Kila wiki huletewa kitu na kuulizwa, "Hii ni orijino au feki?" Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya mzee yule, na kwa kila mwenye jezi iliyosainiwa, kitabu kilichosainiwa au kipande cha karatasi alichorithi na ambacho watu wanakitilia shaka.

Lugha yetu yenyewe imeshaweka swali mezani. Fomu nyingi bado zina mstari wa "sahihi ya mwombaji", na neno hilohilo ndilo tunalolitumia kwa jambo lisilo na kosa. Kazi yetu ni kuona kama maana hizo mbili zinakutana kwenye karatasi moja. Kanuni ya kushika tangu mwanzo ni hii: kwa kuitazama saini tu huwezi kuapa kwamba ni ya kweli. Unachoweza ni kutafuta kitu kinachoikataa. Ukitafuta kwa bidii ukakikosa, una haki ya kuiamini.

1. Sikiliza kabla ya kutazama

Usikimbilie kioo cha kukuzia. Kwanza mwache mwenye kitu azungumze. Ilisainiwa wapi? Mwezi gani? Nani alikuwepo? Imekaa wapi tangu siku hiyo? Saini ya kweli ina safari: ilitoka mkononi mwa fulani, ikapita kwa fulani, ikaishia hapa. Njia ya mwongo ni fupi. Ukiuliza maswali matatu tu ya kawaida, unafika mwisho wake.

Mzee alisema wakati huo alikuwa kijana, akifanya kazi ya kubeba mizigo mjini Dar es Salaam. Alisimama nje ya hoteli pamoja na umati, akachana ukurasa kwenye daftari la shule la mdogo wake, akaunyoosha mbele. Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka, alisema, "wakati ule alipokuja kwa habari za Olimpiki."

Hayo yanaweza kupimwa, na yanakaa mahali pake. Februari 1980 Rais Jimmy Carter wa Marekani alimtuma bondia Ali barani Afrika kuziomba nchi zisiende kwenye Olimpiki ya Moscow, baada ya Wasovieti kuingia Afghanistan. Alianzia Tanzania, akaenda Kenya, Nigeria, Liberia na Senegal. Dar es Salaam haikumpokea kama alivyotarajia. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye, na waandishi wa habari walimuuliza Marekani ilikuwa wapi mwaka 1976, nchi za Afrika zilipoisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu ya New Zealand kucheza raga na Afrika Kusini ya makaburu. Mzee angeniambia Ali alisaini ukurasa ule Dar mwaka 1976, ningeufunga na kumrudishia kwa adabu.

Jiulize pia kama anayetajwa angeweza kukisaini kitu chenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 FBI waliuvunja mtandao mkubwa wa wagushi wa saini huko California, katika operesheni iliyoitwa Bullpen. Miongoni mwa bidhaa feki zilizokuwa sokoni kulikuwa na mipira ya besiboli yenye saini ya Mama Teresa. Kabla hujauliza wino ni wa aina gani, jiulize mtawa wa Kolkata alikutana wapi na mipira hiyo.

2. Panga miaka

Chukua karatasi, chora mstari, uweke miaka. Kila kitu kina siku yake ya kuzaliwa, na saini haiwezi kuitangulia.

Anza na jina. Ali alizaliwa Louisville, Kentucky, tarehe 17 Januari 1942, akaitwa Cassius Marcellus Clay. Alichukua dhahabu ya Olimpiki Roma mwaka 1960 akiwa Clay, akamshinda Sonny Liston Februari 1964 akiwa Clay, na jina la Muhammad Ali akapewa tarehe 6 Machi 1964. Ukiletewa programu ya Roma yenye "Muhammad Ali", haikusainiwa kwenye mashindano yale hata kama mkono ni wake. "Cassius Clay" kwenye kitu cha miaka ya baadaye nako kunadai maelezo, ingawa peke yake hakutoshi kutoa hukumu.

Kisha njoo kwenye kalamu. Peni zenye kijigololi nchani hazikufika kwenye maduka ya Marekani mpaka mwishoni mwa 1945. Kalamu za Sharpie, maka peni ambazo mastaa hupenda kusainia picha na jezi, zilianza kutengenezwa 1964. Kwa hiyo picha ya Roma 1960 iliyosainiwa kwa Sharpie huenda ilisainiwa miaka mingi baadaye, lakini Roma haikusainiwa.

Mwisho ni karatasi yenyewe. Ile taa ya kukagulia noti bandia inayokaa karibu na droo ya fedha madukani inafaa sana hapa. Karatasi za kisasa hutiwa dawa ya kuzing'arisha, na chini ya taa hiyo hutoa mwanga wa samawati. Dawa hizo zilienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Barua inayodaiwa kuwa ya 1920 ikiwaka kama shati jeupe, mrudishie mwenyewe. Ukurasa wa mzee niliuweka chini ya taa, ukang'aa kidogo. Karatasi ya 1980 ina ruhusa ya kung'aa, kwa hiyo taa haikukataa wala haikuthibitisha. Chombo kikinyamaza, usikilazimishe kusema.

3. Fuata mwendo wa mkono

Sasa chukua kioo cha kukuzia, chenye nguvu ya mara 10 kama unakipata, na usogee penye mwanga wa dirisha.

Saini ni mwendo. Aliyesaini jina lake maelfu ya mara hachori herufi. Mkono unakimbia na kuacha alama. Kalamu yake huanza kusogea kabla ya kugusa karatasi na huendelea kusogea baada ya kuiacha, ndiyo maana mwanzo na mwisho wa mistari huwa mwembamba kama ncha ya ukili. Penye kona wino hujaa, penye kasi hufifia. Mgushi anachora. Huanza na kitone kizito, huenda polepole, husimama katikati ya mkunjo kutazama anachokiiga, kisha huendelea. Mstari wake una unene mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na kwenye mizunguko unatetemeka.

Jifunze kwa mkono wako leo. Saini jina lako mara 10 bila kufikiri. Kisha chukua saini ya ndugu yako na uiige mara moja kwa uangalifu wote. Zitazame kwa kioo. Tofauti utakayoiona hapo ndiyo utakayoitafuta maisha yako yote. Utaona jambo la pili pia: katika zile 10 zako, hakuna mbili zinazolingana kabisa. Saini mbili zikilala moja juu ya nyingine kwenye kioo cha dirisha bila tofauti hata ya unywele, angalau moja ni nakala.

Somo hili nililipia kwa fedha ya kodi ya mwezi mzima. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua picha ya Ali akiwa amesimama juu ya Liston aliyelala chali, ile ya pambano lao la pili, Mei 1965. Saini ilikuwa nzuri: kubwa, yenye kasi, ncha zake nyembamba. Ilikuwa kwenye fremu na muuzaji alinisihi nisiifungue, eti karatasi itaharibika. Sikuifungua. Nyumbani niliitoa, nikaiinamisha penye mwanga. Wino wa kweli hukaa juu ya picha na kung'aa tofauti na sehemu nyingine. Huu ulikuwa bapa, umelala ndani ya picha. Kwenye kioo saini iligeuka vitone vidogo vya rangi, kama zilivyo picha za gazetini. Mkono wa Ali uliwahi kuandika saini ile mahali fulani, lakini nilichonunua kilikuwa chapa yake. Tangu siku hiyo sinunui kitu kilicho nyuma ya kioo mpaka kitolewe.

Kwa Ali kuna jambo la ziada, na lina uchungu. Mwaka 1984 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa Parkinson, ugonjwa ambao, pamoja na mengine, husinyaza mwandiko: herufi hupungua na kubanana. Saini zake za miaka ya 1960 na 1970 ni pana na huru. Za uzeeni ni ndogo na zimejikunja. Ukionyeshwa saini kubwa yenye madaha inayodaiwa kutiwa mwaka 2005, uliza maswali mara mbili. Nao wagushi huiga hata ugonjwa, wakidhani kutetemesha mstari kunatosha. Mkono mgonjwa hufupisha safari lakini unajua unakokwenda. Mkono wa mwizi hutetemeka kwa sababu haujui njia.

Ukurasa wa mzee ulikuwa na mwendo. Herufi M iliinuka kwa pigo moja, na mkia wa jina la mwisho ulitoka kwa kasi mpaka peni ikakwaruza karatasi bila wino. Kilichonishika zaidi kilikuwa juu ya saini. Jina la mzee huanza kwa Kh, na hapo liliandikwa kwa H peke yake, na mwisho wake likakosewa herufi nyingine, kama litakavyosikika kwenye sikio la Mmarekani katikati ya makelele. Mtu anayejigushia kumbukumbu halikosei jina lake mwenyewe.

4. Uliza nani alishika kalamu

Saini inaweza kutoka kwenye mikono ya kambi ya staa na bado isiwe yake. Wakati wa homa ya Beatles, watu waliokuwa wakisafiri na bendi hiyo, Neil Aspinall na Mal Evans, walisaini kwa niaba ya wanamuziki wote wanne. Mashabiki walizipokea kwa moyo safi, na familia nyingi bado zimezihifadhi. Hapo hakuna tapeli. Kuna wafanyakazi waliochoka na mlima wa barua.

Kuna pia mashine inayoshika kalamu na kufuata mchoro wa saini, ambayo ofisi za marais wa Marekani zimeitumia kwa miongo mingi. Mwaka 2022 mchapishaji Simon & Schuster aliuza nakala 900 za kitabu cha mwanamuziki Bob Dylan, The Philosophy of Modern Song, kwa dola 599 kila moja, zikielezwa kuwa zimesainiwa kwa mkono. Wanunuzi walilinganisha picha za nakala zao, wakaona saini zinajirudia. Mchapishaji alirudisha fedha na Dylan akaomba radhi, akieleza kwamba kizunguzungu na janga la korona vilimfanya atumie mashine. Walioifichua hawakuwa na maabara. Walikuwa na saini zao, subira, na tabia ya kuonyeshana.

5. Kisome cheti kama unavyoisoma saini

Kila nakala ya kitabu kile cha Dylan ilikuja na barua ya mchapishaji ikithibitisha saini. Cheti ni karatasi nyingine yenye saini nyingine, na nayo inahitaji kuulizwa: nani anasema, alijuaje, na akikosea atafanya nini?

Marekani kuna kampuni kama PSA, JSA na Beckett zinazolipwa kuchunguza saini, kisha hubandika stika yenye namba. Usiishie kwenye stika, kwa maana nayo hugushiwa. Ingia kwenye kumbukumbu za kampuni, uandike namba, utazame kama kitu kinachotokea ndicho ulichonacho mkononi. Cheti kisicho na namba, jina wala anwani kina uzito wa karatasi yake tu.

Na muuzaji akikuharakisha, akakuambia kuna mteja mwingine njiani, kumbuka kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

6. Sasa zungumza bei

Watu wengi huanza hapa, ndiyo maana hulizwa. Bei haifuati ukubwa wa jina. Inafuata mvutano kati ya wanaotaka na kilichopo.

Ali ni mmoja wa watu waliojulikana zaidi duniani katika karne ya 20, lakini saini yake ya kawaida si adimu, kwa sababu alikuwa mkarimu mno. Uzeeni alikuwa akisaini vipeperushi vya mafundisho ya Uislamu kabla hata hajatoka nyumbani, ili kila aliyekutana naye apate kimoja. Alitaka watu wasome, na alijua watakitunza kwa sababu ya jina. Kwa upande mwingine, Steve Jobs wa Apple alikuwa mgumu kusaini: hundi yake ya mwaka 1976, ya dola 4 na senti 1 tu, iliuzwa mnadani mwaka 2023 kwa zaidi ya dola 46,000. Mwanaanga Neil Armstrong aliacha kuwasainia watu mwaka 1994 baada ya kuona saini zake zinageuzwa biashara. Mkono ukifungwa, bei hupanda.

Pima mambo manne. La kwanza ni kitu chenyewe: saini kwenye mkataba, barua au glavu iliyopiganiwa hushinda saini kwenye kipande cha karatasi. La pili ni maneno yanayoizunguka: barua inayoeleza jambo hushinda jina tupu. La tatu ni hali: jua, unyevu na selotepu huua thamani, kwa hiyo weka karatasi gizani, pakavu, na usiitundike ukutani mkabala na dirisha. La nne ni jina la aliyesainiwa. Wafanyabiashara hupunguza bei ya "Kwa fulani", kwa kuwa mnunuzi mgeni anataka kitu kisicho na mwenyewe. Ila jina hilohilo ndilo mara nyingi linaloithibitisha saini, kama lilivyofanya kwa mzee.

Na tusitazame ng'ambo tu. Kenya iliitikia wito wa kususia Olimpiki ya Moscow. Tanzania ilikwenda, ikarudi na medali mbili za fedha, ya Filbert Bayi katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na ya Suleiman Nyambui katika mita 5,000. Ni wangapi kati yetu waliwahi kuwaomba saini zao, na kuzihifadhi? Karatasi za mabingwa wetu zinafungiwa vitumbua. Thamani haianzi mnadani. Inaanza kwa mtu aliyeamua kutunza.

Kuna karatasi moja ninayowasimulia wote wanaoniuliza bei. Machi 1967 bodi ya kuandikisha wanajeshi huko Louisville ilimtolea Ali kadi ya jeshi. Kadi ilikuwa na mstari wa yeye kutia saini. Aliuacha mtupu. Tarehe 28 Aprili, huko Houston, aliitwa kuapishwa aende kwenye vita vya Vietnam na akakataa kusogea mbele. Akanyang'anywa ubingwa na kuzuiwa kupigana kwa zaidi ya miaka 3. Oktoba 2025 jumba la mnada la Christie's liliiweka kadi ile sokoni kwa makadirio ya dola milioni 3 hadi 5. Mtu aliyemsainia kila aliyenyoosha karatasi alikataa kuisaini moja, na mstari ule mtupu unamweleza kuliko maelfu aliyoyajaza.

7. Andika kabla hujasahau

Nilimaliza kuuchunguza ukurasa wa mzee jioni. Nilimwambia nilichoweza kusema: nimetafuta kinachoikataa saini hii, sijakiona. Miaka inakubali, kalamu inakubali, mwendo unakubali, na kosa kwenye jina lake linamtetea kuliko cheti chochote. Nikamwambia pia kwamba sokoni haitamjengea nyumba. Aliitikia kwa kichwa kwamba anajua.

"Mlete mjukuu," nikamwambia.

Walikuja pamoja kesho yake. Nilimpa kijana karatasi safi na peni, nikamwomba aandike anayoambiwa na babu yake bila kuyapamba: tarehe kadiri anavyoikumbuka, mahali, nani alisimama pembeni, daftari lilikuwa la nani, umekaa wapi ukurasa tangu siku hiyo. Fanya hivyo hivyo na chako. Saini ikipoteza hadithi yake inabaki wino, na atakayeirithi hatakuwa na la kujibu akiulizwa.

Kijana aliandika ukurasa mzima. Mara mbili alisimama na kumuuliza babu yake swali, na babu akajibu bila kusitasita. Mwisho alichora mstari chini ya maandishi, akaandika pembeni "Sahihi", akampa mzee peni.

Mzee alikuwa akinitazama mimi, akiulizia nauli ya daladala imefika ngapi, huku mkono wake ukisaini. Ulianzia hewani, ukapita juu ya mstari, ukatokea upande wa pili. Kijana aliinama juu ya karatasi na kioo changu cha kukuzia, akaitazama ile ncha nyembamba kwa muda mrefu.